Mkebe wa Majivu

Mama,

Asubuhi nimeuponda mkebe wetu wa majivu kwa jembe, nikaufukia nyuma ya choo. Baba akaniuliza nazika nini, nikamwambia takataka. Kisha nikaja hapa kwa mdogo wako, Mama mdogo Moraa, na ndipo ninapokuandikia, mezani kwake, tukingoja gari. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Tangu tukuzike, Baba hachumi chai. Anakaa mlangoni kwenye kiti chako, na kila anayekuja kutupa pole anaambiwa neno moja, kwamba mashine ya kuosha damu ndiyo iliyokumaliza. Anasema mtu hawezi kutolewa damu mwilini mara mbili kwa wiki akabaki mzima. Na mimi nikawa nawapikia wageni chai, nimenyamaza. Mama mdogo, ambaye naye figo zimekataa na ameanza mashine mwezi jana, akayasikia maneno ya Baba akayaamini. Wiki hii hakwenda Jumatatu. Alhamisi pia hakwenda. Miguu imevimba hadi viatu vya kanisani havimwingii.

Unaikumbuka ile benchi ya mafunzo kule hospitalini Kisii? Yule dada wa lishe alikuja na ndizi ya plastiki na avokado ya plastiki, akasema hivyo tusiguse. Wewe ukamwuliza mbele ya wagonjwa wote, "Sasa mwanangu, Mkisii asiyekula ndizi anaitwa nani?" Watu wakacheka hadi nesi akaja kuchungulia. Lakini ulimtii. Ndizi uliacha. Avokado uliacha, na mti wetu umezaa mpaka matawi yanainama! Maji ukanywa kwa kile kikombe kidogo cha bluu, funda moja moja. Alipofika kwenye chumvi akasema ya duka tuipunguze kabisa. Mwenye daftari nilikuwa mimi. Nikaandika hivyo hivyo, chumvi ya duka.

Ukakataa kula. Mboga ya managu bila chumvi ukaisukuma kando, ukasema heri ufe umeshiba. Ndipo nikajiona mjanja. Nikamkumbuka Magokoro, mama yako, alivyokuwa akichoma maganda makavu ya ndizi, akijaza majivu kwenye mkebe uliotobolewa chini, akimimina maji juu na kukinga yanayodondoka, na hayo ndiyo aliyokuwa akipikia mboga badala ya chumvi. Nikasema haya ni ya shamba letu, hayajapita kiwandani, yatamdhuru vipi? Ulipoonja ukaniambia, "Leo umenipikia kama mama yangu." Ukamaliza sahani. Nilifurahi, Mama. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikampelekea na Mama mdogo mkebe wake, nikijisifu. Nikakupikia hivyo kila siku, wiki tatu, hadi ile Jumapili uliyoanguka ukikunja nguo.

Baada ya mazishi nilirudi hospitalini kurudisha kadi yako. Dada wa lishe akaniuliza kwa upole ulikuwa unakula nini. Nilipotaja majivu, kalamu yake ikasimama. Akaniambia kile tulichokikimbia kwenye ndizi ni potasiamu, na figo zikikataa inajaa kwenye damu mpaka moyo unasimama. Maganda nayo yanayo, na ukiyachoma haiendi na moshi. Inabaki yote kwenye majivu. Akasema hawezi kuapa kwamba ndiyo iliyokuua. Alikuwa ananihurumia tu. Mimi najua.

Nikarudi nyumbani nikanyamaza tena, mwezi mzima. Niliogopa. Nani anataka kujulikana hapa kwetu Nyamache kote kama binti aliyemlisha mama yake kifo? Heri walaumu mashine, mashine haina uso. Nilijua mkebe wa Mama mdogo uko jikoni kwake na bado nikanyamaza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Mama. La kwako nilikuwa sijui. La kwake nilijua.

Leo nimemkuta amekaa mbele ya meko, managu motoni, ule mkebe pembeni, anahema kama aliyepanda mlima. Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Akauliza tu, "Kwa hivyo si mashine?"

Nikamwambia, "Si mashine, Mama mdogo. Ni mimi."

Akaniangalia, akaniangalia. Nilitamani anipige. Halafu akaniambia niipue ile sufuria nikamwage, kisha nimtafutie kadi yake ya kliniki chini ya godoro.

Nimepiga simu hospitalini, wamesema aje sasa hivi, asingoje Jumatatu. Naisikia pumzi yake kutoka hapa nilipo, inakwaruza. Sijui kama tumechelewa. Sijui, Mama.

Baba atasikia leo, kwa mdomo wangu mwenyewe, hata akinifukuza. Na Jumatatu nitasimama mbele ya ile benchi, niseme kwa Ekegusii ili hata akina nyanya waelewe, nitaje majivu, nitaje na jina lako. Nakuahidi.

Gari linapiga honi barabarani. Kwaheri, Mama. Najua una hamu na mdogo wako. Usimwite. Nakuomba sana, usimwite bado.

Kerubo wako