Mguu wa Mama na Debe la Maji

S.L.P. 118,
Iringa.
21 Agosti 1977

Mpendwa mdogo wangu Muhidini,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wa nyumbani mwako, na kwamba joto la Mwanza halijakuyeyusha. Sisi hapa Miyomboni hatujambo, ila upepo wa mwezi huu unatutilia vumbi hadi kwenye chai. Wasukuma wanahamia kwetu Usangu na ng'ombe wao, wewe umehamia kwao na mashine zako za pamba. Tumebadilishana, sijui nani kapunjwa.

Uliniuliza habari za mguu wa Mama. Ule wa kushoto, ulioanza kuvimba tukiwa bado Mbeya, ulifika mahali akawa anaufunika kwa kanga mbili hata mimi nisiuone. Mwezi wa sita nilimpeleka hospitali ya misheni, tena kwa ugomvi.

Lakini kwanza, unalikumbuka debe letu? Nilikuwa nimelisahau kabisa. Pale Sokomatola, Mbeya, tulikuwa tunashuka kijitoni chini ya mlima Loleza kabla jua halijatoka, baridi ya Julai inatung'ata vidole, na Mama ametukatia jani la mgomba la kuweka juu ya maji yasirukeruke njiani. Tukirudi hatazami debe, anatazama mabega yetu. Bega likiwa limelowa, basi: "Maji yakimwagika hayazoleki!" Wewe mjanja ulikuwa unakamua shati nyuma ya banda la jirani yetu Mzee Alawi, kisha unaingia umenyooka kama askari wa gwaride. Nacheka peke yangu kwenye cherehani nikikumbuka. Nayatamani yale maji, Muhidini, hata baridi yake naitamani.

Basi, hospitalini daktari aliubonyeza mguu kwa dole gumba, na shimo likabaki pale kama kwenye donge la maandazi. Akasema mguu una nyama na mfupa, una mafuta, na huu wa Mama una maji yaliyokosa njia. Maji hayo yanaweza kurudishwa kwa kuufunga bendeji na kuuinua. Yakiachwa miaka, mguu hugeuka mafuta na nyama ngumu, na hapo bendeji haisaidii tena. Alitaka kujua tumefika wapi.

Na kipimo chenyewe ni debe! Mafundi wa misheni wameunganisha madebe mawili, moja juu ya jingine, na juu kabisa wameweka mdomo kama wa birika. Linajazwa pomoni, mgonjwa anatumbukiza mguu, maji yanayomwagika yanakingwa kwenye beseni na kupimwa kwa jagi. Wanaanza na mguu mzima, kisha ule unaougua, na ule mzima ndio unaosema mwenzake umezidi kiasi gani.

Mguu mzima ulikwenda vizuri. Muuguzi Roza, binti wa Kihehe mcheshi sana, akajaza debe tena, akatoka kwenda kumwaga beseni. Aliporudi Mama akatumbukiza ule mkubwa. Maji yakatoka kidogo tu, pungufu kuliko ya mguu mzima!

"Ee mama, kamwene!" Roza akashangaa kwa Kihehe chake. "Maji imekwenda wapi? Huu mguu unakunywa?"

Daktari akaitwa, akabonyeza tena, shimo likabaki palepale. Mimi nikatupa macho dirishani, nikaona maua yanachuruzika maji, na kikombe cha chupa yetu ya chai kimelowa. Mama alikuwa ameyachota debeni kwa kikombe hicho na kuyamwagia maua Roza alipotoka.

"Sakafu yao imepigwa nta, mwanangu," akaninong'oneza. "Nimwage maji kwenye nyumba ya watu?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikalia, maana niliona ni Mama yuleyule wa Sokomatola, amezeeka.

Walipopima upya maji yalifurika, na Mama akageuza uso ukutani asiyaone. Mguu ulikuwa mkubwa kuliko tulivyodhani. Lakini daktari alisema bado ni maji, bado tumewahi. Tangu siku hiyo namfunga bendeji kila asubuhi, na analala mguu ukiwa juu ya gunia la maharage, akinung'unika. Alhamisi iliyopita tulirudi kupima. Safari hii alisimamia mwenyewe debe lijae hadi ukingoni, mengine yakamwagika sakafuni, na hakusema kitu. Mguu umepungua sana, ingawa haujalingana na mwenzake.

Sasa nikuambie jambo. Siku ulipoondoka na Leokadia ukamwoe bila radhi ya Mama, Mama alisimama mlangoni akasema neno lake lile la maji. Wewe ulilisikia, na ndiyo maana miaka yote hii unaniandikia mimi tu. Nilipomsomea kwamba mtoto wenu mmempa jina lake, Mwanakhamisi, alinitaka nilirudie lile jina. Kumbe Alhamisi aliomba ruhusa kwa daktari asafiri hadi Mwanza. Daktari alikataa, maana safari ndefu hivyo mguu ukiwa unaning'inia kwenye basi utaharibu yote.

Tukiwa njiani kurudi akasema, "Wale wa hospitali wanayazoa maji yaliyomwagika. Nimeona kwa macho yangu, wanayazoa na kuyapima. Mwandikie Muhidini aje, mimi mguu hauniruhusu kumfuata. Aje na mjukuu wangu." Kisha akaongeza, "Na mke wake."

Mdogo wangu, nimesikia vizuri. Hakusema "yule mwanamke". Amesema mke wake.

Mzee Alawi, ambaye naye amehamia huku, anakusalimu, na Roza pia anataka kukuona. Mbusu mtoto, na mpe wifi yangu mkono wangu. Mungu awafungulie njia, nanyi msikawie.

Akupendaye, aliyejitwika debe pamoja nawe,
Dada yako Mwantumu