Kurasa za Buluu za Mireille Levasseur

Mwaka umezunguka, Mireille, tangu asubuhi ile ya theluji moyo wako uliposimama, ukiwa bado kijana wa miaka ishirini na sita. Hapa Lewiston mlango wa jikoni ukilia, tunageuka wote.

Ulipomaliza chuo cha uchoraji, babu yako Rosaire alikuuliza utafanya kazi gani. Ukasema, "Nitachora vitabu vya katuni, nivichape mwenyewe, niviuze mwenyewe."

"Na utavinunua mwenyewe," akasema.

Ulicheka kutushinda sote. Jumamosi iliyofuata ukamketisha mezani akunje karatasi.

Jikoni kwetu pakawa kiwanda. Mimi, niliyeacha shule baada ya darasa la nane nikashone viatu, nilibana pini. Wewe ulikata kingo. Ployes, chapati zetu za kupaka siagi, zikapoa sahanini, maana mwenye siagi vidoleni hukumruhusu kugusa kitabu. Na mikono ikiwa kazini, mimi nilitega.

"Kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Nyumba yangu haina mlango, wageni huingia kwa macho."

"Picha. Tega kingine, hicho hata Luc angekitegua."

"Nimesikia," kaka yako akasema, na kikunjo chake kikaenda upande.

Ulinitia katika kila kitabu. Nikakuuliza pua hiyo umeitoa wapi. "Usoni pako, Bibi. Sikuongeza kitu."

Vyombo hukuosha, hilo nalo tulikumbuke. Lakini mtoto akisimama mbele ya meza yako kwenye maonyesho ya katuni, mfukoni hana kitu, ulimpa penseli achore chochote, mbadilishane kwa kitabu. Jokofu letu lingali limefunikwa kwa paka na mazimwi ya watoto tusiowajua.

Uliacha kitabu kimoja hakijaisha, kile cha sisi wanawake wa kiwanda cha viatu. Tulitaka kiwepo kwenye maonyesho ya vuli, pale ulipokuwa na meza kila mwaka. Babu yako akazibeba kurasa hadi maktaba kuzitoa fotokopi. Nusu ya mwisho ikatoka nyeupe tupu. Alirudi amenywea, akidhani ameharibu mashine ya watu.

Tamsin, rafiki yako wa chuo, ndiye aliyetueleza. "Hukuharibu kitu, Babu. Sisi huanza kwa penseli ya buluu nyepesi kwa sababu mashine haiioni. Kinachoonekana ni wino. Hizi hakuwahi kuzitia wino." Akasema yuko tayari kuzitia yeye.

Mama yako Claudette akaweka kiganja juu ya kurasa. "Mkono mwingine hautapita juu ya mkono wa mwanangu."

"Basi hakitasomwa, Mama Mireille. Na yeye alikichora kisomwe."

"Usinifundishe alichotaka. Nimemzaa mimi."

Kahawa ikapoa. Wote wawili walikupenda, na wote wawili walikuwa wanalia. Ni babu yako aliyeuliza kama hakuna mashine yenye macho makali zaidi. Tamsin akasema ipo, ya rangi, ila buluu itatoka hafifu na watu watahangaika kuisoma.

Mama yako akainua kiganja. "Wahangaike kidogo," akasema.

Basi tulikunja, tukabana, tukaenda. Asubuhi mama yako alikaa garini, hakutaka kuingia. Alipoingia, akasimama nyuma ya Tamsin kama mtu anayengoja basi. Akaja msichana mmoja mwenye kofia ya sufu, akakisoma pale pale amesimama. Kurasa za wino zilipoisha, alikileta kitabu karibu na uso, kama mtu anayemchungulia mtoto aliyelala.

"Mbona hapa rangi imefifia?" akauliza.

Tamsin akafungua kinywa, lakini mama yako alimtangulia. "Hapo ndipo binti yangu alipofikia."

Msichana alirudi kwenye ukurasa wa kwanza wa buluu akaanza upya, polepole, kidole kikifuata mistari yako. Mama yako akavuta kiti, akaketi mezani pako, na hakuinuka mpaka walipozima taa za ukumbi.

Unakumbukwa na mama yako Claudette, kaka yako Luc, babu yako Rosaire, rafiki yako Tamsin, na mimi bibi yako Fernande. Maadamu tunapumua, Mireille, hatutakusahau.