Viatu vya Mama vyenye Uzi Mwekundu

Jumapili, 3 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo haukusumbui tena. Mimi ni mzima wa mwili. Leo nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo binti hatakiwi kumwambia baba yake.

Jana ilikuwa siku ya kutembelewa. Mama mdogo alikuja na sabuni na sukari. Nikamuuliza, "Mama hajambo?" Akasema, "Hajambo, anasema usome." Nikainama kupokea mfuko, nikaona viatu alivyovaa. Ni vile vyeusi vya mama ulivyovishona kwa uzi mwekundu siku uzi mweusi ulipoisha, mama akakutania, "Fundi mzima, mkeo anatembea na kovu!" Baba, mama hakuwahi kumwazima mtu viatu vile. Nikamtazama mama mdogo usoni. Akaanza kulia kabla sijauliza.

Kumbe mlimzika mwezi uliopita. Nawe ukaniandikia, "Mama yako anapata nafuu." Bweni zima tulipiga magoti kila jioni tukimwombea apone, naye yuko kaburini. Ninyi mlijua. Mungu naye alijua, akanyamaza kama ninyi. Sasa wenzangu wakitaka niongoze sala, nasema koo linauma. Nimwamini nani?

Binti yako.

Alhamisi, 14 Novemba

Wakili wangu,

Marahaba, mwanangu, wakili wa nyumba yetu tangu ulipojifunza kuuliza maswali. Mgongo haujambo. Barua yako imeshinda mfukoni mwa aproni. Nimebandika soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto, mteja akaniuliza kama nimelewa.

Sina cha kujitetea. Niliogopa utauacha mtihani. Mama yako hakuniagiza nikufiche, usimlaumu. Hata viatu nilimpa mama yako mdogo mimi mwenyewe, bila kufikiri.

Ila neno moja. "Anapata nafuu" niliandika mimi, si Mungu. Usituweke kwenye kesi moja. Nilimshika mama yako mkono mpaka ukapoa. Sikuelewa kwa nini alichukuliwa, na leo sielewi. Najua tu kwamba alikuwa mikononi mwa Mungu kabla hajawa mkononi mwangu. Hapo ndipo ninapoegemea kila asubuhi nikifungua kibanda.

Baba yako.

Jumapili, 24 Novemba

Baba,

Shikamoo. Mtihani umekwisha, na nadhani nimefanya vizuri. Katika barua yako nimetafuta neno "nisamehe" juu mpaka chini, sikuliona. Ulininyima kumlilia mama pamoja nanyi, na hilo halirudi.

Lakini jana jioni niliongoza sala. Nilimwambia Mungu kwamba nimeumia, kwamba mama alikuwa wake tangu mwanzo, na kwamba hata hivyo angeniuliza kwanza. Mwenzangu wa kitanda cha juu akacheka, kisha akalia, nami nikalia kwa mara ya kwanza. Halafu nikalala vizuri. Sikujua kwamba mtu anaweza kumkasirikia Mungu na bado akamwegemea yeye yule.

Kwako bado sijafika huko, baba. Nataka kufika. Shule inafungwa katikati ya mwezi ujao, kwa hiyo nijibu upesi, kabla sijafunga sanduku, na uniambie kweli hata kama itaniuma: siku ile ulipomshika mkono, mama aliniulizia? Nawe ulimjibu nini?

Binti yako, Wakili.