Macho Mawili Kwenye Mninga

Jumamosi, Ipogolo. Upepo unashuka kutoka mjini juu tangu asubuhi, vumbi la msasa limeingia mpaka kwenye chai. Nami leo sikai wala sisimami.

Nimemaliza kitanda. Nakiri, sijawahi kutengeneza kizuri kama hiki. Huku kwetu tunashinda na paini, mbao nyeupe isiyo na neno. Huu ni mninga wa kutoka Makongolosi. Ubao wa kichwani niliupasua katikati nikaufungua kama kitabu, michirizi yake ya kahawia na dhahabu ikakutana, ikazunguka vifundo viwili. Nilipopaka vanishi nilitamani kuita majirani.

Mchana bibi harusi amekuja kukiona. Anaitwa Milembe, binti wa wafugaji wa Madibira, kaja na shangazi yake. Kitanda kimeagizwa na baba mkwe mtarajiwa. Milembe alikizunguka, akafika mbele ya ule ubao, akarudi nyuma.

"Una macho huu," alisema. "Yataniangalia nikilala."

Shangazi alicheka. Mimi nilinuna. Kazi yote ile, mtu anaona macho!

Shangazi alipoingia duka la jirani kuangalia magodoro, Milembe akanisogelea.

"Dada fundi, huwezi kusema hakijaisha?"

"Kwa nini?"

"Mwanaume mwenyewe simjui. Ng'ombe walioletwa nyumbani nawajua kuliko yeye."

Nilishika msasa nikasugua mahali palipokwisha kulainika zamani.

Walipoondoka tu, baba mkwe akapiga simu. Akauliza, atume gari la kukichukua Jumatatu?

Fundi wa kike akichelewesha kazi, mtaa mzima unajua. Na uongo siuwezi, sauti yangu hunisaliti. Nikajikuta nasema:

"Baba, kitanda kimeisha. Ila binti amekuja hapa, hana amani. Ongeeni naye kwanza."

Akasema taratibu, "Mama, mimi nilikuagiza kitanda." Akakata.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Milembe aliniomba siku chache tu, na siri. Mimi nimetoa siri, siku sikumpa.

Jioni shangazi akapiga. Safari hii hakucheka. "Umetuwashia moto. Wazee wamejaa hapa nyumbani Madibira, mtoto anaulizwa huku na huku, analia tu. Gari lenyewe limesimamishwa." Nikaomba niongee na Milembe. Akasema mtoto hataki simu ya mtu.

Nimekifunika kile kitanda turubai. Nimekifunua. Nimekifunika tena. Chakula kimepoa mezani.

Nimemtetea, au nimemchongea?

Kesho siendi ibadani. Alfajiri napanda gari la Madibira. Nitakaa kwenye mkeka na hao wazee, nirudie nililolisema, kisha niwaombe wanyamaze wamsikie Milembe mwenyewe. Wakinifukuza, wanifukuze akiwa ameniona nimekuja.