Nyumba Hii Haiuzishwe

Lundi, 13 octobre 2025

Nyumba ya Casimir iko na miezi munane bila muntu. Balokatere, bapangaji wake, ni panya tu, na panya hailipake garantie ya kuingilia! Yeye, bwana yangu, alichukua falanga yote ya mwisho wa kazi ku usine, akajenga vyumba sita ku njia ya Kambove. Aliniambia: Mama Dan, Bachinois banatafuta nyumba kuliko mukate. Eeh. Serikali ilifungia cobalt njia ya kutoka inchi, Bachinois balienda, sasa mukate tunatafuta sisi.

Sasa Casimir anataka kuiuzisha. Bantu banakuja, banaangalia ukuta, banarudi. Juu ya ukuta kuko maandishi mekundu, herufi kubwa-kubwa: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Aliandika yeye mwenyewe, mwaka ule alijenga, juu ya kuogopa bamwizi wenye kuuzishaka nyumba za bantu na makaratasi ya uongo. Alinunua pot mbili za rangi. Ya pili ilikuwa ya kuandika hapa kwetu, ku nyumba tunaikalaka. Nilikatala. Nyumba yenye bantu ndani, ya nini kuiandika?

Jeudi, 16 octobre

Commissionnaire Barnabé, ule mwenye kutafutiaka bantu nyumba na kula kwa wote wawili, anasema: futeni maandishi. Casimir akapaka chokaa ya Kakontwe, mara mbili, kofia ku kichwa kama injinia. Nyeupe pe! Alisimama kuangalia mpaka chakula kikapoa.

Dimanche, 19 octobre

Mvua ya kwanza. Nilipitia kule mbele ya misa. Chokaa imeshuka yote, nyekundu imerudi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, mukono ukatoka mweupe.

Lakini Mama Jaël, jirani wa kule, hakucheka. Aliniuliza pole-pole, kama ku kilio: munagombana mu famille? Kwake yeye, mwenye kufuta maneno kama ile ni mwizi, ao ni ndugu anakula uriti ya wenzake. Sasa banatuombea! Casimir anasema ni wivu.

Mardi, 21 octobre

Mununuzi wa kweli, mwishowe. Papa Philippe, anauzishaka mahindi ya Kapolowe, iko na camion. Aligusa ukuta na kidole, akanusa kidole.

— Hapana. Hii iko na maneno.

Casimir aliapa, alionyesha makaratasi, aliita jina la mama yake. Bure. Njo akamuleta hapa kwetu kunywa maji, apoze aibu. Papa Philippe akaangalia ukuta wetu, safi. Akaangalia muti ya ndimu nilipanda mwaka Dan alizaliwa.

— Na hii, haina maneno?

Nilingojea Casimir aseme hapana. Alisema:

— Ikala kwanza, papa. Tuongee.

Nilirudisha jagi ku jikoni, maji yote ndani.

Mercredi, 22 octobre

Casimir iko na furaha. Anasema tutahamia ku vyumba sita, mara tatu ya hapa! Investissement, anasema. Papa Philippe atarudi kesho saa tatu ya asubui na kamba ya kupima. Nilimuuliza Casimir ni nani alimupa ruhusa ya kuuzisha. Alinionyesha karatasi ya nyumba: jina yake peke yake.

Batoto bane nilizalia mu nyumba hii. Nilichota udongo wa matofali na mikono hii, na mimba ya Dan ndani. Karatasi haikuandika ile.

Jeudi, 23 octobre

Saa tatu kasoro. Casimir anaoga, anaimba.

Pot ya pili ilikuwa chini ya kitanda. Juu ilikauka kama ngozi, chini iko mbichi. Nilikoroga na petroli. Pinceau ya kupakia rangi hakuna, nimekata ufagio. Herufi zimepinda, lakini ni kubwa kupita zake. Bamama ba avenue bamesimama kuangalia.

NYUMBA HII HAIU

Nimeikala ku kibao, mukono upumuzike kidogo. Camion inasikika ku kona. Inabaki herufi sita.

Casimir ameacha kuimba.