Tarumbeta la Kushoto

Jumatatu, 2 Septemba

Chai saa kumi na moja jioni, kama kawaida. Kaseti upande wa kwanza, kama kawaida. Mama Rosa kakaa, kasikiliza kidogo, kainuka kabla ya ubeti wa pili. Kaenda kumenya mihogo. Mihogo ilikwisha kumenywa. Nimeiona mwenyewe kwenye beseni.

Mara ya tisa mfululizo kwa kisingizio cha mihogo. Miaka thelathini na minne mke wangu anakaa kwenye kiti kile, tunasikiliza kwaya yetu ya ujana, mimi besi, yeye alto. Ubeti wa pili alto yake inaingia mapema. Namkumbusha kila siku, naye kila siku ananiambia nikamlalamikie aliyerekodi. Ndiyo raha yetu. Tangu Pasaka anakikimbia kiti kana kwamba kina siafu. Kwaya ya parokia nayo kaiacha. Anasema kifua. Kifua gani? Jiko la mkaa analipuliza mpaka cheche zinaruka kwa jirani.

Nimefikiri. Kosa si langu. Kosa ni spika. Karatasi yake imechanika, inakoroma. Mtu mwenye sikio la muziki hawezi kuvumilia. Nitaweka spika mpya, nzuri, arudi kwenye kiti chake. Ndilo ninalolitaka, sina jingine.

Jumanne, 3 Septemba

Dukani kwa Zarina, karibu na soko. Duka la redio la marehemu baba yake, Mhindi mpole aliyenitengenezea redio miaka ishirini. Zarina nilimfundisha fizikia kidato cha pili. Hakuwa akisikiliza. Leo kanifundisha yeye, saa nzima, nami nimesimama kama mtoro aliyerudishwa shule.

Spika ni za aina mbili, anasema. Kuna koni wazi: karatasi ya spika inakutazama usoni, inasukuma hewa yenyewe. Sauti inatawanyika chumba kizima, besi nene, ila inataka umeme mwingi. Na kuna tarumbeta: spika ndogo inakaa nyuma, sauti inapita kwenye koo jembamba, inatokea mdomo mpana. Umeme kidogo tu, sauti kali, lakini inamulika sehemu moja kama tochi. Na besi huipati mpaka ujenge kasha kubwa kama kabati la nguo.

Nikamwambia hayo yote nilimfundisha mimi. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu, ila siku ile nilikuwa naumwa."

Yeye yuko upande wa koni wazi. Tarumbeta, anasema, ni la msikitini na mnadani, si la sebuleni. Kaniazima jozi ya koni wazi nijaribu. Lakini jaribio lazima liwe na pande mbili. Nimechukua pia spika mbili ndogo za sumaku nzito, zilizokaa kwenye rafu ya baba yake tangu zamani, nikazipeleka kwa fundi seremala pamoja na mchoro. Matarumbeta mawili, mbao ya mninga. Mchoro nimeupiga kwa rula. Fundi kaniuliza ni kabati la nini.

Jumatano, 4 Septemba

Koni wazi zimefungwa. Mungu wangu, besi! Nimejisikia mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na minne, kifua kimejaa. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Mama Rosa kakunja uso. "Zinavuma tu," kasema. Nikamuuliza zinavuma vipi. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Nikauliza mara ya tatu, kafunga mlango wa jikoni.

Kaninunia. Tangu Pasaka kaninunia, na sababu hasemi. Inaniuma na inaniudhi, na sijui lipi limezidi.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeongeza sauti hadi mwisho wa kitufe. Vikombe vimetembea kwenye sahani. Amplifaya yangu ya zamani imepata joto la kuchemshia yai.

Akaja Chibago, bila hodi. Jirani yangu huyu ni Mgogo, mstaafu wa reli, miaka mingi alikuwa stesheni ya Tura. Mtani wangu, yaani ruhusa ya kunitukana kaipata kwa babu zake. Kauliza treni inapita sebuleni kwangu saa ngapi, akate tiketi. Mama Rosa kacheka mpaka kashika ukuta. Kamwekea chai. Wamepiga soga nusu saa, yeye macho hayatoki usoni kwa Chibago.

Chibago anaongea kama yuko bado jukwaani anazuia watu wasivuke reli. Mimi nasema kistaarabu, sijibiwi. Haya, ndiyo dunia. Nimelala mapema, nimekasirika.

Jumamosi, 7 Septemba

Matarumbeta yamekuja. Vijana wanne wa fundi, wawili kwa kila kasha, begani. Mdomo wa kila moja unameza mtoto wa darasa la kwanza.

Chibago kaona msafara. Kaweka kigoda katikati ya njia, kakalia. Anadai hongo. Zamani, anasema, hakuna Mnyamwezi aliyepita na mzigo Ugogoni bila kulipa, na mbele ya nyumba yake ni Ugogo. Vijana wamesimama na mninga mabegani wanacheka. Nimelipa chupa moja ya asali. Kaionja kwa kidole palepale, ndipo kahamisha kigoda, kisha kauliza kwa huzuni wafu wenyewe ni kina nani, mbona majeneza mafupi.

Mama Rosa katazama makasha, katazama mlango, kasema sebule hii si ghala. Moja ya aina hizi mbili itatoka, nichague. Nikasema Jumapili ya wiki ijayo nitakuwa nimechagua. Kisayansi.

Alasiri nimeziba mianya. Gundi ya fundi siiamini. Nimeyeyusha nta ya mizinga yangu mwenyewe, nikapaka viungo vyote, nikapaka na kooni ndani, taratibu, kwa kidole. Nta haipitishi hewa hata chembe. Nimeyaacha barazani juani nta ishike vizuri. Baraza zima linanukia. Kazi safi sana, najisifu mwenyewe maana hakuna mwingine.

Jumapili, 8 Septemba

Misa. Mama Rosa kakaa mabenchi ya nyuma, kwaya ikiimba hata hakuinua kichwa.

Miti ya mitundu imeanza kuchanua huko porini. Nyuki watatu wanne wamezunguka makasha barazani. Nimewapungia kanga, wakaondoka. Wamepotea njia.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimefunga spika kwenye tarumbeta la kulia, nikaliingiza ndani. La kushoto kesho, mgongo umekataa. Sebuleni nafasi hakuna, kwa hiyo mdomo umeelekea mlango wa jikoni.

Saa kumi na moja, kaseti. Tathmini yangu: baya. Besi haipo kabisa, nimetafutwa nikakosekana. Soprano zinachoma. Kama mnada wa ng'ombe kule Choma. Alama thelathini kwa mia, na hizo kwa ajili ya mbao. Nilikuwa nimeshika kalamu naandika hivyo.

Kabla ya ubeti wa pili, kwenye kaseti ile, mwalimu wetu wa kwaya anakohoa. Kakikohozi kadogo, kakavu. Jikoni nikasikia mtu anacheka.

"Kikohozi chake huyo, maskini!" Mama Rosa katoka na kisu na kiazi mkononi. Kakaa kwenye kiti chake. Kiazi mapajani. Kasikiliza upande wote, mpaka mkanda ukaisha wenyewe.

Nikaweka kalamu chini, taratibu. Niliogopa kupumua.

Jumanne, 10 Septemba

Sikulala vizuri. Kikohozi kile. Kipo kwenye kaseti siku zote. Koni wazi ilikitoa juzi, tena vizuri zaidi. Hakukisikia.

Asubuhi alikuwa anafagia, mgongo kwangu. Nikasimama hatua nne, nikamwita kwa sauti yangu ya kawaida. Kaendelea kufagia. Nikaita tena. Akafagia mpaka miguuni pangu, ndipo kaniona, kashtuka, kasema mbona namnyatia.

Mimi, mwalimu wa fizikia, sura nzima ya sauti nimeifundisha miaka thelathini. Rosa akipiga simu kutoka Mwanza, mama yake ananipa mimi simu niongee. Chibago anapiga kelele, anajibiwa. Kwaya kaiacha. Vyote viko mezani kwa miezi mitano na mimi nasema kaninunia. Aliyenuna ni mimi.

Tarumbeta la kushoto sikuligusa. Sikuwa na moyo.

Jumatano, 11 Septemba

Nyuki.

Saa nne asubuhi, wingu zima, kutoka upande wa Kipalapala. Wamezunguka baraza mara moja, wakatua kwenye tarumbeta la kushoto, wakaingia kooni kwa foleni kama wamelipa kodi. Robo saa, wote ndani.

Nimekaa kwenye ngazi nikajitazama. Kasha la mbao. Giza ndani, tundu dogo la kuingilia. Nta mpya imepakwa vizuri. Limewekwa juani mitundu ikichanua. Hivyo ndivyo baba alivyonifundisha kutega mzinga nikiwa na miaka tisa. Paka nta, weka, subiri. Mtoto yeyote wa Tabora anajua. Nimetega mzinga barazani kwangu kwa mikono yangu, nikauita muziki.

Chibago kalala kwenye nyasi zake. Kweli kalala, kwa kucheka. Kila akitaka kuinuka anaona kasha, anarudi chini.

Mama Rosa katoka. Kaniuliza taratibu, "Wanavuma?" Wanavuma mpaka ukuta unatetemeka. Nikaitikia kwa kichwa. Kasogea, kaweka kiganja mgongoni mwa kasha. Nyuki wageni wameshiba, hawana hasira, nikamwacha. Kakaa hivyo muda mrefu. Halafu kasema: "Hapa nawapata."

Kisha kasema yote, mkono ukiwa bado pale. Tangu kabla ya Pasaka sauti za watu zimekuwa matope. Kelele anasikia, maneno hayapati. Mazoezini kaingia pasipo pake mara mbili, wasichana wakacheka, hakurudi tena. Jioni kwenye kiti alikuwa anasikia mvumo tu, na mimi namtazama nikisubiri afurahi. Mihogo ilikuwa afadhali.

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Kasema angeniambia, ningemsahihisha.

Nimestahili. Nimemwomba radhi kwa sauti ya juu, ya Chibago, hivyo Chibago naye kasikia ninaomba radhi, ila hajui ya nini. Mama Rosa kataka asijue. Hatajua.

Alhamisi, 12 Septemba

Hospitali ya masikio, Jumanne. Kakubali, kwa sharti kwamba nikae nje. Nimekubali.

Jumamosi, 14 Septemba

Alfajiri, nyuki hawajaamka, nimeziba koo kwa majani, nimepeleka tarumbeta la kushoto, begani kwa vijana wawili wa fundi, shambani kwangu barabara ya Kipalapala. Baba alikuwa akisema nyuki waliokuja wenyewe hawafukuzwi. Sasa wana mzinga wa mninga, uliochorwa kwa rula. Nyuki wengine wote wa Unyamwezi wako kwenye mizinga ya magome ya miyombo.

Chibago alikuwa njiani na kigoda chake, kavaa shuka. Msafara wa kurudi nao unalipa. Chupa ya pili.

Saa tatu nimerudisha koni wazi kwa Zarina. Kaniambia tarumbeta moja ni nusu ya muziki, spika ya pili ninayo, fundi achonge kasha jipya tu. Kanieleza pande mbili za sauti, kushoto na kulia, kama sijui. Nimemsikiliza mpaka mwisho, sikumkatiza. Kaniuliza kama naumwa.

Nikamwambia moja linatosha. Mlangoni pa duka nimegeuka, nimezitazama zile koni wazi mara moja. Besi ile. Basi.

Jumapili, 15 Septemba

Tarumbeta nimeligeuza. Sasa linaelekea kiti cha Mama Rosa. Kiti changu kiko pembeni, nyuma kidogo ya mdomo, na huko inafika sauti kama ya chumba cha pili. Hakuna namna nyingine, chumba ni kidogo.

Chai saa kumi na moja. Kaseti upande wa kwanza. Kikohozi. Kacheka.

Kisha kaanza kuimba naye yule msichana wa kwenye kaseti, polepole. Ubeti wa pili ukakaribia. Besi kwenye tarumbeta haisikiki hata kidogo, kwa hiyo nimeiimba mwenyewe, kwa nguvu, aipate. Akaingia mapema, kama siku zote. Nikaingia naye.