Walichogundua Kidato cha Tatu

Mwanza, 12 Machi 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo huko Nansio. Mimi mzima wa mwili, ila moyo umeshtuka.

Mwalimu wa historia ya utamaduni wa Kiislamu aliacha kazi, nikapewa mimi Mkristo vipindi vyake. Kwa kuwa sijui mengi, nikaamua kufundisha kwa ugunduzi: wanafunzi wakahoji wazee mitaani, wagundue wenyewe Uislamu ulivyoota Mwanza, mimi nisiwatafunie. Jana mwanafunzi wangu Malimi alisoma kazi yake mbele ya darasa. Alimhoji Bi Zena wa Pasiansi, aliyewafundisha wasichana Kurani uani kwake tangu enzi za Mwingereza. Mwisho akasoma: "Ana mtoto mmoja, Nathaniel Machibya, katekista wa Nansio." Akaniuliza kama ni ndugu yangu.

Jioni nilikwenda kumwona Bi Zena. Baba, ana paji lako la uso. Ulituambia Bibi alikufa kabla sijazaliwa. Nijibu upesi, maana amezeeka sana na anakuulizia.

Mwanao,
Suzana

Nansio, 30 Aprili 1996

Mwanangu Suzana,

Marahaba. Sisi wazima, mvua imenyesha vizuri. Nisamehe kuchelewa, nimechana barua nne.

Ni mama yangu. Aliolewa tena na Mwislamu, akasilimu, nami nilikuwa nasomea ukatekista. Siku nilipokwenda kuposa, wazee wa mama yako waliuliza mama yangu yuko wapi. Nikasema amekufa. Wakanipa pole, wakasimama kumwombea. Baada ya hapo ningemfufuaje? Kila mwaka aibu ilizidi. Mama yako hajui mpaka leo. Nakusihi yaishie hapo, na huyo mwanafunzi afute jina langu.

Baba yako,
Nathaniel

Mwanza, 9 Mei 1996

Baba,

Shikamoo. Hatujambo, Bibi anakohoa kidogo tu.

Jina sikulifuta. Niwatume watoto kutafuta ukweli, wakiuleta niwape kifutio? Nimekasirika, Baba, sikufichi.

Nilimsomea Bibi barua yako yote. Nilidhani atalia. Aliendelea kumenya viazi, akamaliza kimoja, kisha akaniuliza, "Alinizika wapi?"

Nimemwambia swali hilo ni lako. Panda meli uje umjibu.

Mwanao,
Suzana